Yaliyomo: Tunda Moja, Limevaa Tai

Kwa miaka sita nilikaa nyuma ya kaunta ya kampuni moja ya kusafirisha mizigo hapa Eldoret, na kazi yangu ilikuwa kuandika waybill. Ni fomu ndefu yenye nakala tatu, nyeupe, ya waridi na ya manjano, inayosafiri pamoja na mzigo na kueleza nani anatuma, nani anapokea na ndani mna nini. Watu wengi hudhani hiyo ni kazi ya mtu aliyeshindwa na kazi nyingine zote. Wacha wadhani. Mimi niliipenda kuliko nilivyowahi kumpenda mwanamume yeyote, na fomu haikuwahi kuniambia niache kupayuka.

Sikuvumilia uongo kwenye karatasi. Makarani wenzangu walikuwa na maneno yao mawili waliyoyategemea, "vitu mbalimbali". Kitanda kilikuwa vitu mbalimbali, mbegu za viazi vitu mbalimbali, injini ya trekta vitu mbalimbali. Kwangu maneno hayo yalikuwa matusi. Mteja akiniambia ameleta kagunia tu, nilimfungulisha hako kagunia mbele ya watu, nikahesabu.

Mama mmoja wa Moi's Bridge aliwahi kumtumia dada yake magunia ya mahindi, na juu yake kuku ndani ya kikapu. Madereva wetu walizoea kubeba kuku bila kumwandika, kuku alikuwa kama upepo tu. Mimi nikamwandika: kuku mmoja, mwekundu, hai. Kuku akataga njiani. Karani wa kule ulikokwenda mzigo, ambaye nilikuwa nimemfunza mwenyewe, alikataa kumpa dada yule mzigo wake, kwa kuwa fomu ilisema kitu kimoja na ndani ya kikapu mlikuwa na viwili. Akanipigia simu. Nikawaza kidogo, nikamwambia aandike fomu nyingine ya yai, na kwenye mtumaji aandike kuku.

Boss hakuniongelesha wiki nzima. Lakini hakunifuta kazi, na alikuwa na sababu. Alikuwa mzee wa kutoka upande wa Nyeri, aliyekuja huku kijana, akafungua duka la sukari na misumari, akanunua lori moja, kisha la pili. Hilo la pili liliwahi kushikwa na kulala kituo cha polisi siku nyingi, kwa sababu karani mmoja aliandika maharagwe na ndani mkapatikana mbao. Tangu siku hiyo boss aliogopa fomu ya uongo kuliko alivyoogopa ajali. Kwa hiyo alinivumilia, kama mtu anavyomvumilia mbwa mkali wa kwake mwenyewe.

Basi Ijumaa moja asubuhi mkokoteni ukasimama mlangoni petu, na juu yake jeneza.

Aliyeufuata alikuwa mama wa makamo ya kuelekea uzee, mrefu, amevaa sweta juu ya gauni la kanisani, mkoba ameubana kwapani. Alimwonyesha mwenye mkokoteni mahali pa kuliweka jeneza, akalikagua kama limekaa sawa, kisha akaja kaunta na kunisalimia vizuri. Aliuliza habari za kazi, habari za nyumbani, na kama mvua ilinisumbua usiku. Ndipo akasema shida yake.

"Nataka kutuma mtoto yangu nyumbani. Siaya."

"Pole sana, Mama," nikasema. "Lakini sisi hatubebi mwili. Hiyo ni kazi ya gari ya maiti, na lazima kuwe na permit ya mazishi."

"Permit wamekataa kunipa."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hayuko."

Nikalitazama lile jeneza. "Kama hayuko, Mama, huyu ndani ni nani?"

"Ni yeye," akasema.

Nilitaka kucheka, namshukuru Mungu sikucheka. Nilimvutia kiti upande wangu wa kaunta, jambo ambalo lilikatazwa, akaketi na kunieleza. Mwanawe alikuwa fundi wa pampu za maji. Aliishi Yamumbi, pembeni mwa mji, miaka mingi, na watu wa huko walimjua kwa pikipiki yake na kisanduku cha spana. Msimu wa mvua wa mwaka uliopita aliitwa chini Bonde la Kerio kutengeneza pampu ya shamba la maembe. Mto ulikuwa umejaa. Alijaribu kuvuka. Walipata pikipiki, wakapata kiatu kimoja. Yeye hawakumpata, na mto ule una mamba, neno ambalo hakulitamka. Alisema tu, "Na hayo mambo mengine ya mto."

Mama alitoka Siaya akaja kukaa katika nyumba ya mwanawe, akamtafuta miezi kumi na mmoja. Alienda polisi, alienda vyumba vya maiti, alienda kwa kila ofisi yenye dirisha. Kila dirisha lilimwambia jambo lile lile: bila mwili hakuna cheti cha kifo, bila cheti hakuna permit, na mtu aliyepotea husubiriwa miaka saba kabla ya serikali kukubali kwamba amekufa. "Miaka saba," akasema. "Mimi nitakuwa nimetangulia. Nani atamzika?"

Kwao Wajaluo kuna njia. Mtu akichukuliwa na maji asionekane, jamaa humtafutia tunda la mwegea, lile refu zito ambalo wao huliita yago, wakalizika mahali pake kwa heshima zote, ili naye apumzike na nyumba yake ipumzike. Wazazi wangu ni wa Vihiga, mimi ni mzaliwa wa Kapsoya hapa mjini, na jambo hilo nilikuwa nimelisikia tu, kama mtu anavyosikia habari za nchi jirani. Mama alishuka mwenyewe hadi ule mto, akaomba tunda kwa mwenye shamba, kutoka kwa mti uliosimama ukingoni, karibu na pale mwanawe alipovukia. Mazishi yalikuwa kesho yake, Jumamosi. Kaburi lilikuwa limeshachimbwa. Kanisa lilikuwa limeshaambiwa.

"Fungua uone," akasema. "Wameniambia wewe ndiye yule msichana anapenda kuona."

Kumbe sifa zangu zilikuwa zimefika Yamumbi. Nikainua kifuniko. Tunda lilikuwa la rangi ya majivu, nene kama paja la mtu mzima, limelazwa juu ya shuka jeupe. Lilikuwa limevalishwa shati lililofungwa vifungo hadi juu, na tai ya buluu yenye mistari. Suruali ilikunjwa ikawekwa chini, na pembeni kiatu kimoja.

Nikashusha kifuniko, nikarudi kaunta, nikafanya ninachojua kufanya. Nilichukua fomu.

Mtumaji, akataja jina lake. Mpokeaji, akataja lile lile.

"Mama, huwezi kujitumia mwenyewe."

"Mimi ndiye natoa huku, na mimi ndiye napokea kule. Unataka niweke nani? Baba yake alikufa."

Nikasoma masharti yote nyuma ya fomu. Hayakukataza. Nikaandika.

"Idadi?"

"Mmoja. Walikuwa wawili, huyu ndiye alikuwa amebaki."

Nikaandika moja. Tukapima jeneza kwenye mizani, kilo arobaini na moja, nikaandika. Fomu ikauliza kama mzigo unaweza kuharibika njiani. Mama akasema cha kuharibika kilishaharibika. Kisha fomu ikauliza thamani, nami nikaisoma kwa sauti kabla ya kufikiri, na nikatamani ulimi wangu ukatike. Alinitazama, akaniuliza kama nina mtoto. Nikasema sina.

"Basi andika vile unajua," akasema.

Nikaandika: haijulikani.

Ilibaki sehemu ya yaliyomo, na hapo ndipo boss alipotoka ofisini kwake na kikombe cha chai. Aliona jeneza, akavua kofia. Nilipomweleza kilichomo akaomba kuona, nikamfunulia. Akairudisha kofia kichwani haraka sana.

"Hii ni muratina!"

Mama akauliza muratina ni nani.

"Kwetu hii hatuziki," boss akasema. "Tunapasua, tunakausha, tunatia kwa pombe ya asali. Babangu alikuwa nazo gunia mzima. Sasa polisi wakifungua wakute hii ndani ya jeneza, watasema nini? Watasema mzee amegundua njia mpya ya kupeleka vifaa vya pombe haramu. Hata mimi ningesema. Jeneza! Na imefungwa tai!"

"Ni mtoto yangu," mama akasema.

"Mama, mimi sikatai. Angekuwa mwili na karatasi zake, ningembeba bila maneno. Maiti naiheshimu. Lakini tunda ya pombe siwezi."

Dereva, ambaye lori lake lilikuwa linapakiwa uani, alikuwa amesogea kusikiliza. Alikuwa mtu wa bonde lenyewe, Mkeiyo mwembamba mwenye meno mazuri, na mti huo aliujua kabla hajajua kutembea. Yeye alikuwa na dini tofauti kabisa.

"Boss, kama ni tunda nabeba," akasema. "Maembe nimebeba, avocado nimebeba, hiyo pia nitabeba. Lakini huyu dada akiandika mtu, mimi sipandi. Lori ikishabeba maiti lazima mtu asafishwe. Mimi nitasafishwa na nani huko Siaya?"

"Usiandike tunda," mama akaniambia, na mara hiyo sauti yake ilikuwa kali. "Ukiandika tunda, nitakuwa nimepeleka matunda. Mtoto yangu atakuwa amebaki kwa maji."

Mnaona mahali nilipokuwa. Dereva alikubali tunda tu. Boss alikubali chochote isipokuwa tunda. Mama alikubali mwanawe tu, na serikali yenyewe haikumkubali hadi baada ya miaka saba. Lori lilikuwa liondoke saa sita, na lingine la kwenda Siaya lilikuwa la Jumanne.

Nikaandika fomu ya kwanza: jeneza moja, tupu. Nikamsomea mama. Akauliza, "Ni tupu?" Nikaichana. Fomu hizo zina nambari, na kila moja inayoharibika lazima ielezwe kwenye daftari, lakini nikaichana. Ya pili nikaandika jeneza moja na tunda moja, na boss akaweka mkono juu ya karatasi kabla wino haujakauka. Ya tatu nikaandika mwili, wa namna ya tunda. Dereva akatoa funguo mfukoni, akaziweka juu ya kaunta, akaenda kuketi kwenye gunia la saruji.

"Andika fanicha," boss akasema. "Jeneza ni mbao, iko na kifuniko, iko na bawaba. Kabati pia iko hivyo."

"Na ndani ya kabati?"

"Nguo. Si nguo ziko?"

"Ziko. Zimevaliwa na nani?"

Boss akanywa chai yake yote kwa mara moja, akasema yeye ana kazi nyingine.

Saa tano na nusu ilipopiga, mimi, mimi yule yule wa kuku na yai, nilichukua fomu nyingine na kuandika "vitu mbalimbali". Sitajitetea. Nilikuwa nimechoka, na nilijua fomu hiyo ingepita. Dereva angeikubali, boss angeikubali, na hakuna afande ambaye angepoteza muda wake kuisoma. Nilikuwa tayari kugonga muhuri, mama akaniuliza nimeandika nini. Nikamsomea, nikiangalia kalamu.

Hakukasirika. Alifungua mkoba wake, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nyingi, akanipa. Ilikuwa ya polisi, ya siku ile walipomkabidhi vilivyopatikana mtoni. Ilisema: vitu mbalimbali. Maneno hayo tu na sahihi.

"Ilikuwa kiatu," akasema. "Na kofia yake ya pikipiki. Na spana namba kumi na saba. Wangeandika tu, ni kazi gani?"

Niliona aibu, na aibu ile sijaimaliza mpaka leo. Nikaichana fomu ile ya nne vipande vidogo. Nikachukua ya tano, nikanoa penseli kwanza ili nipange maneno, kisha kalamu, na nikaandika kwa herufi ndogo kabisa, kwenye mistari miwili iliyotengwa, halafu pembeni, halafu nyuma ambako ni kwa masharti. Niliandika hivi:

"Jeneza moja la mbao, rangi ya kahawia. Ndani yake: tunda moja la mwegea, si la kupikia pombe, lililotolewa ukingoni mwa Mto Kerio, likiwa limevaa shati jeupe na tai ya buluu yenye mistari. Suruali moja. Kiatu kimoja cha kulia. Tunda hili linapelekwa nyumbani kuzikwa mahali pa mwana wa mtumaji, fundi wa pampu, ambaye alichukuliwa na mto huo akienda kazini na hakuonekana tena, na ambaye mamake amemtafuta miezi kumi na mmoja." Na jina lake, yote matatu.

"Iko neno tunda?" dereva akauliza kutoka kwenye gunia lake.

"Iko, mara mbili."

"Iko neno pombe?" boss akauliza kutoka ofisini.

"Imesema si ya pombe."

"Jina yake iko?" mama akauliza.

Nikamwonyesha lilipo. Alifuatisha herufi kwa kidole, moja moja, akatikisa kichwa kukubali.

Boss alikuja akasoma mbele na nyuma, akasoma tena. "Hii ni ukweli," akasema kwa huzuni. "Lakini mtu akisoma hii lazima ataulizia. Na dere atajibu nini? Wewe ndiye umeandika, wewe ndiye utaeleza. Panda gari."

Nikamwambia sijabeba hata sweta. Akaniambia kama nilivyo ninatosha. Dereva alikuwa amekwisha kuwasha lori na kupiga honi, saa sita na dakika kumi, na mimi nikamalizia fomu nikiwa nimeiegemeza kwenye mlango wa lori, mguu mmoja juu. Hivyo ndivyo nilivyogeuka kuwa kiambatisho.

Tulikaa watatu mbele, mama katikati. Dereva aliendesha kama anavyoendesha mtu aliyebeba matunda, akipiga mbinja, na kila tuta lilituinua sote. Mbele kidogo ya Kapsabet tukasimamishwa. Afande akaomba karatasi, nikampa fomu. Aliisoma mbele, midomo ikicheza. Akaigeuza, akasoma nyuma. Akarudi mbele.

"Sasa hii ni maiti ama ni matunda?"

"Matunda," akasema dereva.

"Mtoto yangu," akasema mama, wakati huo huo.

"Afande, yote iko kwa fomu," nikasema mimi.

Akataka kuona. Tukashuka, tukapanda nyuma ya lori, katikati ya mabati na magunia ya mbolea, na mama akafungua jeneza mwenyewe. Afande alikuwa mtu mkubwa mwenye sura ya kutoamini lolote, na nilikuwa nimejiandaa kugombana naye. Nilikuwa hata na hamu ya kugombana naye. Alilisogelea, akaiona ile tai. Akasimama hapo muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

"Alikuwa anafanya kazi gani?" akauliza.

"Alikuwa anatengeneza pampu ya maji," mama akasema. "Kila mahali walikuwa wanamwita."

Alishusha kifuniko polepole, kwa mikono miwili. Tuliposhuka alimwomba dereva kizima moto, kwa sababu ilikuwa lazima aombe kitu, na dereva akamwonyesha. Kisha akanirudishia fomu yangu.

"Pole, Mama," akasema. Akamgeukia dereva. "Na wewe, pole pole kwa matuta."

Dereva akawasha lori. Kutoka pale mbinja ilinyamaza, na kila tuta tulipolifikia alipunguza mwendo mpaka lori karibu lisimame. Alifanya hivyo Chavakali, akafanya hivyo Luanda, akafanya hivyo Yala, foleni ya magari ikimpigia honi nyuma. Nilimwangalia, akajifanya anatazama kioo.

Tulifika bomani kwa mama saa kumi na moja jioni. Hema lilikuwa limesimamishwa, viti vimepangwa, kwaya imesimama na sare zao. Akina mama walianza kulia walipoliona lori tu, na lori likaja likasimama langoni kwa sababu langoni palikuwa na mtu ameziba njia, na mtu huyo alikuwa assistant chief, mkono wa serikali pale kijijini, na fimbo yake, na begi lake la muhuri.

"Karatasi," akasema.

Wazee wakamweleza habari, wote pamoja. Aliwasikiliza. Alikuwa kijana wao, si mtu mbaya, lakini alikuwa na mabosi wake na aliwaogopa, hilo nililiona wazi kwa kuwa nami nina wangu. Akasema kwa sublocation yake hakuna mtu anazikwa bila karatasi. Mzee mmoja akamwambia si mtu, ni yago. Akasema kama ni yago basi hakuna haja ya hema, wala kwaya, wala mchungaji, wachukue jembe wakapande. Wachague moja. Mchungaji, aliyekuwa nyuma yake, akasema kwa sauti ndogo kwamba hata yeye angependa kuona karatasi fulani kabla ya kufungua kitabu.

Mama alikuwa bado ameketi ndani ya lori. Hakubishana. Alitazama mbele kupitia kioo, mikono juu ya mkoba, na nikaona kwamba amefika mwisho. Madirisha yote ya Eldoret alikuwa ameyastahimili. Hili la nyumbani kwake lilimshinda.

Mimi hasira zangu huja bila hodi. Niliruka chini, nikapita katikati ya wazee ambao sikuwasalimia, Mungu anisamehe, nikamwekea assistant chief fomu kifuani.

"Karatasi ndiyo hii," nikasema. "Soma."

"Hii ni ya mizigo."

"Soma!"

Akaanza kuisoma kimoyomoyo. Wazee wakasema asome kwa sauti, kwani kilichoandikwa ni cha nyumba hii. Akasoma kwa sauti. Idadi moja. Kilo arobaini na moja. Shati jeupe na tai ya buluu yenye mistari. Kiatu kimoja cha kulia. Mtu mmoja alikuwa akitafsiri kwa Kijaluo nyuma yake, sentensi kwa sentensi, na alipofika pale pa fundi wa pampu aliyechukuliwa na mto akienda kazini, wanawake wakapaza sauti na kwaya ikavunjika. Nimesikia mahubiri mengi ya matanga. Sijasikia watu wakiililia waybill. Nilisimama pale na viatu vyangu vya ofisini, sijui nishike wapi, na nikalia nao.

Assistant chief alifuta macho kwa kiganja. Alitoa muhuri wake, akatafuta mahali pa kugonga. Kisha akasita.

"Hapa hamjajaza," akasema.

Nikamwambia haiwezekani. Akanionyesha. Chini kabisa, mstari wa mwisho, palikuwa peupe. Nilikuwa nimeuruka nikiwa na mguu mmoja kwenye lori na honi inalia. Miaka sita, fomu zisizo na idadi, sikuwahi kuacha mahali peupe isipokuwa siku hiyo.

"Fomu haijajazwa siwezi kugonga," akasema, na kwa kweli hata mimi nisingegonga. Akanipa kalamu yake.

Nilirudi kwenye lori. Mama alikuwa amefungua mlango, miguu inaning'inia nje. Nilichuchumaa kwenye vumbi mbele yake, fomu juu ya goti langu, watu wote wakitusikiliza, na nikamsomea swali kama lilivyoandikwa, kwa sababu sikujua namna nyingine ya kumuuliza.

"Mama, imeuliza hivi. Mzigo usipopokelewa, urudishwe wapi?"

Alitazama hema, akatazama ile nyumba ya mabati, akatazama wale wazee langoni.

"Arudishwe wapi tena, mwanangu?" akasema. "Si amefika kwao."

Niliandika hivyo hivyo, neno kwa neno. Assistant chief akaupulizia muhuri wake pumzi, akaugonga juu ya maneno hayo, akasogea kando, na wanaume sita wakapanda nyuma ya lori kumshusha.